Anza na shamba, jina litafuata: shajara ya mradi wa nasaba ya ukoo mmoja wa Unguja

Mradi unafuatilia ukoo mmoja wa Unguja, wenye tawi lililohamia Mombasa, kuanzia wazee walio hai na kurudi nyuma hadi karatasi zinapokoma. Majina ya wanaukoo hayatajwi humu. Kila mtu ana namba yake, N1 akiwa bibi aliye mkubwa kuliko wote walio hai. Majina yanayotokea hapa na pale ni mifano tu.

Wiki ya 1 na 2. Masimulizi

Mahojiano hayapitishwi saa moja na nusu. Zaidi ya hapo mzee huchoka, na mzee aliyechoka huitikia kila anachoulizwa. Swali la kwanza si "babu yako ni nani". Ni "shamba lenu lilikuwa wapi, na mkipakana na nani". Uamuzi huo umeongoza kazi yote, na sababu yake ni hii: majina ya Unguja hujirudia mno. Makame, Haji, Vuai, Pandu, Ame na Kombo yamejaa kila kijiji, na mjukuu hupewa jina la babu yake. Haji bin Makame bin Haji bin Makame ni nasaba ya kawaida kabisa. Ukikuta "Haji Makame" katika hati mbili zilizopishana miaka 50, usiwafanye mtu mmoja. Huyo wa pili huenda ni mjukuu wa wa kwanza, na ukiwaunganisha umekwisha kupoteza vizazi viwili. Shamba halina tabia hiyo: lina mipaka minne na majirani wanne, na majirani hao wana hati zao.

Miaka ya kuzaliwa hatukuiuliza kwa tarakimu. Tuliuliza mtu alikuwa na umri gani tukio fulani lilipotokea, au nani alikwisha kuzaliwa. Matukio tuliyoyatumia: kimbunga cha Aprili 1872 (kwa yale waliyosimuliwa na bibi zao), mizinga ya Waingereza juu ya kasri ya mfalme tarehe 27 Agosti 1896, kuzamishwa kwa manowari ya Pegasus bandarini Septemba 1914, machafuko ya Juni 1961, na Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Jibu kama "mama alikuwa anatambaa mizinga ilipolia" lina thamani kuliko cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa miaka 30 baadaye kwa kukisia.

Kosa tulilolirekebisha mapema: maneno ya udugu tuliyaandika kama yalivyotamkwa, bila kuuliza zaidi. "Ndugu" anaweza kuwa wa baba na mama, wa baba mmoja, wa mama mmoja, au mtoto wa ami. "Baba" anaweza kuwa baba mdogo. Tulirudi kwa N1 na N4 na kuuliza kila "ndugu" upya: mlichangia baba? mlichangia mama? Kazi ya siku mbili nzima, na ilibadilisha matawi matatu.

Wiki ya 3. Sensa

Tumeipa wiki moja tu, na ilitosha. Zanzibar ilihesabiwa 1910, 1924, 1931, 1948 na 1958, kisha zikafuata sensa za Tanzania za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Anayezoea kusikia jinsi Waingereza au Wamarekani wanavyompata babu yao kwenye fomu ya sensa, nyumba kwa nyumba, asitegemee hayo hapa. Kinachosomeka ni ripoti: jumla kwa wilaya, kwa jinsi, kwa kabila. Majina hayamo.

Hata hivyo ripoti hizo zimetuepusha na kosa kubwa. Mwaka 1924 watu wapatao 34,000 waliandikwa "Waswahili". Mwaka 1931 waliojiita hivyo walikuwa kama 2,000. Hawakufa wala hawakuhama. Walijiandikisha kwa majina mengine: Wahadimu, Watumbatu, Wapemba, Washirazi. Neno "Mswahili" lilikuwa limeanza kubeba dhana ya asili ya utumwa, na watu wakalikimbia. Kwa hiyo tumefuta safu ya "kabila" isiwe kigezo cha kulinganisha watu katika lahajedwali letu. Imebaki kama maelezo tu: kabila lililoandikwa, mwaka, na nani aliyeandika. Babu mmoja wa ukoo huu ni "Mswahili" kwenye karatasi moja na "Mshirazi" kwenye nyingine, na mipaka ya shamba lake ni ileile.

Wiki ya 4 hadi ya 9. Hati za ardhi

Hapa ndipo kazi ilipo. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina daftari za hati zilizosajiliwa, majalada ya mahakama na ya waqfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa. Kibali cha utafiti kinatakiwa kabla ya kuomba jalada la kwanza, na kiombwe mapema. Picha za kurasa, pale ruhusa inapotolewa, tunapiga mbili kwa kila ukurasa bila mwanga wa kamera: moja ya ukurasa mzima na moja ya chini, penye mashahidi na muhuri. Nusu ya makosa ya watafiti wapya hutokana na kupiga picha ya kati na kuwaacha mashahidi.

Kila hati inaingizwa kwenye lahajedwali kwa safu hizi: namba ya jalada na ukurasa, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe ya miladia, mahali, jina kama lilivyoandikwa, jina tulilolisawazisha, mipaka minne, kila mmoja na safu yake, idadi ya miti, bei na sarafu, mashahidi, mwandishi, daraja la uhakika. Daraja ni tatu: A kwa hati yenyewe, B kwa nakala ya rejista, C kwa simulizi. Safu mbili za jina ni lazima ziwe mbili. Ukisawazisha palepale ukafuta tahajia ya asili, hutaweza kurudi.

Mambo yaliyotukwamisha, kwa uzito wake:

*Mwelekeo.* Hati za zamani hazisemi kaskazini na kusini. Zinasema kibla, suheli, matlai na magharibi. Kutoka Unguja, Makka iko karibu kaskazini sawasawa, hivyo kibla ni kaskazini, suheli ni kusini, na matlai ni mashariki. Mmoja wetu alisoma "kibla" kama upande wa msikiti wa kijiji, na shamba zima likageuka robo duara. Majirani wote wanne wakakosekana. Liliporudishwa mahali pake, watatu kati ya wanne walipatikana katika hati nyingine siku hiyohiyo.

*Hati.* Nyingi ni za Kiarabu, na kadhaa ni za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo hazina p, v, ch wala g, kwa hiyo ب inasomwa b, p au mb, ف inasomwa f au v, ش inaweza kuwa ch, na غ inabeba g, ng' na gh. Jina moja linaweza kusomeka kwa njia tatu, zote halali. Karani wa Kiingereza naye aliandika alivyosikia: Khamis, Hamisi, Hamees. Tunatafuta kwa mifupa ya konsonanti, si kwa tahajia.

*Bei ya khiyari, "bei" hapa ikiwa na maana ya mauzo.* Hili limekatisha nasaba nyingi za watu bure. Hati inasema wazi kwamba fulani amemuuzia mfanyabiashara fulani shamba lake. Mtafiti anaandika "shamba likauzwa" na kufunga ukurasa. Kumbe ni mauzo yenye khiyari: muuzaji ana haki ya kulirudisha shamba akilipa fedha ndani ya muda uliotajwa, mwaka mmoja au zaidi. Ni mkopo uliovishwa nguo ya mauzo ili kukwepa riba. Dalili zake ni mbili: neno khiyari lenyewe, mara nyingi katika mstari wa mwisho au wa kabla yake, na hati ya pili ya siku hiyohiyo ambamo muuzaji anakodi shamba lake mwenyewe kwa ijara. Ukoo huu "uliuza" shamba moja mara tatu kwa watu watatu bila kuondoka hata siku moja. Usikate mnyororo mpaka uone hati ya mnunuzi kuliuza kwa mtu mwingine, au hukumu ya mahakama.

*Idadi ya miti.* Mikarafuu ikitoka mingi katika hati moja na kuwa michache katika ya baadaye, si lazima shamba liwe limegawanywa. Kimbunga cha 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikisalimika. Hati za baada yake zinaonyesha minazi palipokuwa na mikarafuu. Tena miti na ardhi ni vitu viwili: mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama kwenye ardhi isiyo yake. Hati ya miti isiwekwe kama hati ya shamba.

*Sarafu.* Ni kipimo kizuri cha kukagua tarehe. Riali huonekana zaidi katika hati kongwe, kisha rupia, na shilingi inaingia Zanzibar mwaka 1936. Nakala yenye shilingi na tarehe ya kabla ya hapo imenakiliwa baadaye, au imekosewa.

*Mapinduzi.* Baada ya 1964 ardhi ilitaifishwa na mashamba yakakatwa kwa eka tatutatu. Jina lililo kwenye hati ya eka tatu si la mrithi wa mwenye shamba wa zamani, isipokuwa kuna karatasi nyingine inayosema hivyo. Mnyororo wa ardhi wa ukoo huu tumeufunga hapo kwa makusudi. Wazee wa pande zote mbili za jambo hilo wako hai, na tuliwauliza kwa adabu yale tu waliyopenda kueleza.

Wiki ya 10. Tarehe

Hatukutarajia iwe kazi ya wiki nzima. Kwa makadirio ya haraka: mwaka wa hijria mara 0.970224, kisha ongeza 621.57. Mwaka 1315 unatoa 1897.41, na kweli ulianza mapema Juni 1897. Kwa siku kamili tunatumia jedwali, tukijua kwamba mwandamo wa mwezi huleta tofauti ya siku moja au mbili. Siku ya wiki, ikiwa imeandikwa, ndiyo mwamuzi.

Mtego wenyewe uko kwenye mifunguo, yaani miezi inayohesabiwa kwa namba baada ya Ramadhani. Mfunguo Mosi ni Shawwal, mwezi wa kufungua baada ya Ramadhani, lakini mwaka wa hijria hubadilika Muharram, yaani Mfunguo Nne. Basi Mfunguo Tatu 1322 na Mfunguo Nne 1323 ni miezi inayofuatana. Tulikuwa tumepanga hati za mfunguo kwa namba zake ndani ya kila mwaka, Mosi mpaka Tisa, na zile za Mosi hadi Tatu zote zikakaa mwanzo wa mwaka badala ya mwisho. Pia siku huanza magharibi: ndoa ya "usiku wa Ijumaa" ilifungwa Alhamisi jioni.

Kwa nini hili lina uzito? Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitoka Aprili 1897. Hati ya uhuru ya Mfunguo Mosi 1314 ni ya kabla yake, bwana akimwacha huru mtu wake kwa sharia, na kwa hiyo kuna walaa: aliyemwacha huru anaweza kumrithi asipokuwa na warithi wa damu. Hati ya 1315 ni ya baada ya amri. Jina la bwana katika ile ya kwanza linakupeleka kwenye mirathi na waqfu wake, ambako watu walioachwa huru na vizazi vyao huenda wametajwa mmoja mmoja.

Tahadhari mbili za majina hapa. "Mtumwa binti Haji" si mtumwa. Mtumwa ni jina la kike la kawaida Unguja. Na "bin Abdalla" baada ya jina kama Feruzi au Mabruki, ambayo mara nyingi yalikuwa majina ya watumwa, huenda si jina la baba, bali ni nasaba aliyopewa mtu ambaye baba yake hakujulikana. Tunaiweka daraja C mpaka hati nyingine iithibitishe.

Tumekubaliana pia kwamba habari ya mhenga aliyekuwa mtumwa haitapelekwa kwa jamaa wengine kabla ya wazee wa tawi hilo kuisikia na kuridhia. Ni habari yao kwanza.

Wiki ya 11 na 12. Mirathi na waqfu

Kipande tulichofurahia kuliko vyote. Orodha moja ya mirathi ina majina manne bila kutaja uhusiano, na mafungu 9, 12, 34 na 17. Jumla ni 72, na hesabu ya faraidhi, mgawo wa mirathi wa Kiislamu, inaisoma kama kitabu. Fungu la 9 ni thumni, moja ya nane: mke mmoja, marehemu ana watoto. Fungu la 12 ni sudusi, moja ya sita: mama wa marehemu, bado hai. Zilizobaki ni 51, na 34 kwa 17 ni mwana na binti. Kwa mara moja tumepata vizazi vitatu, na tumejua kwamba bibi mkuu alimzika mwanawe.

Lakini hesabu haitoshi peke yake. Mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu hugawana mafungu 8: mke 1, kila mwana 2, kila binti 1. Mke na binti wana fungu sawa, na hapo ni jina la baba tu litakalowatenganisha. Na ukikuta jumla imeruka hadi mamia au maelfu, ni munasakha: mrithi alikufa kabla mali haijagawanywa, na fungu lake likagawanywa tena. Usikate tamaa. Tafuta fungu asilia lililokatika, nalo litakuonyesha nani alikufa baada ya nani.

Waqfu wa kizazi hutaja wanufaika kwa utaratibu, na ni hazina. Soma masharti kabla ya majina. Waqfu mmoja unawapa mabinti haki ya kukaa nyumbani maisha yao, bila watoto wao. Tawi la N9 halimo kwenye orodha ya baadaye kwa sababu hiyo tu. Tulikuwa tumeandika "walikufa bila kizazi".

Wiki ya 13 hadi ya 15. Ndoa

Wengi hutazama majina ya bwana na bibi harusi. Sisi tunaanza na walii, yaani jamaa anayemwozesha bibi harusi. Kwa madhehebu ya Shafii mpangilio ni baba, babu mzaa baba, ndugu shakiki (wa baba na mama), ndugu kwa baba, watoto wao wa kiume, kisha ami. Walii akiwa ami, chukulia kwanza kwamba waliomtangulia wamekufa, hawakuwapo au hawakustahiki, kisha utafute ni lipi. Ndugu wa mama mmoja hawi walii, wala mwana hamwozi mama yake kwa uwana wake. Walii akiwa kadhi, bibi harusi hakuwa na jamaa wa kiumeni karibu, au walikataa: tafuta jalada la kesi. Walii akiwa mtu asiye wa damu, fikiria walaa.

Ndoa ya mjane inatoa mpaka wa kifo cha mume wa kwanza. Eda, muda wa mjane kungoja kabla ya kuolewa tena, ni miezi 4 na siku 10 ya mwandamo, kwa hiyo kifo kilitangulia ndoa hiyo kwa siku 127 au 128 angalau, isipokuwa alikuwa mjamzito, maana hapo eda huisha kwa kujifungua. Kwa N12 hesabu hiyo imepunguza mwanya wa miaka 6 hadi miezi 9.

Mama wa N15 hakupatikana kwenye daftari za kadhi. Simulizi inamtaja Mbweni, kijiji cha wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana, kwa watu waliokombolewa, hivyo tumegeukia daftari za kanisa za ubatizo na ndoa. Huko mtu ana jina jipya la ubatizo, na jina la nyumbani limeandikwa kando kwa herufi ndogo, au halikuandikwa.

Wiki ya 16. Tawi la Mombasa

Sheria ya Hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye ardhi ya pwani ya Kenya wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Madai yenyewe, pamoja na ushahidi wa majirani, yana habari nyingi kuliko cheti kilichotolewa mwisho. Kutomkuta mtu humo si dalili kwamba hakuwa na kitu. Mombasa wengi walimiliki nyumba bila ardhi, wakilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. N21 alikuwa na nyumba Majengo kwa simulizi za watu watatu, na jina lake halimo kwenye hati yoyote ya ardhi. Atatafutwa kwenye majalada ya mwenye kiwanja.

Hali ya sasa

Vizazi sita vimefungwa kwa daraja A au B kwa upande wa mashamba, vitano kwa upande wa wanawake. Nakala ya mti imehifadhiwa kwenye programu ya Gramps, na lahajedwali limehifadhiwa mahali pawili tofauti. Kinachosubiri ni hati moja ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, imetafunwa na mchwa penye mpaka wa matlai. Mipaka mitatu inalingana na shamba la ukoo. Wa nne una herufi mbili tu zilizosalia, ب na ك. Wiki ijayo tunaanza kusoma hati zote za majirani wa upande huo, maana mmoja wao lazima atakuwa ameandika shamba letu kuwa mpaka wake wa magharibi.